Nyatiti, litungu na orutu: maswali mnayoniuliza kuhusu kukaza, kulinganisha na kutunza

Wengi wanaokuja karakanani hapa Kisumu na chombo cha muziki cha nyuzi mgongoni huanza na malalamiko yaleyale: "Fundi, nyuzi zimeharibika." Mara nyingi nyuzi hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye ngozi, au kwenye daraja, au kwenye zile pete za kitambaa kule juu, ila uzi ndio unaosikika, basi ndio unaobebeshwa lawama. Majibu yote hapa chini yanafuata utaratibu huo: ngozi kwanza, daraja la pili, pete la tatu, uzi mwisho. Ukishika hilo hutatupa nyuzi nzima bure.

Tuelewane kwanza: sehemu za chombo ni zipi?

Nyatiti ya Wajaluo ina bakuli la mti lililochongwa na kufunikwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Kwenye bakuli inatoka mikono miwili ya mti, na juu mikono hiyo inaunganishwa na kipande kinacholala, ambacho mimi nakiita mwamba, kama ule wa goli. Nyuzi nane zinaanzia kwenye kifungio chini ya bakuli, zinapanda juu ya daraja lililokaa katikati ya ngozi, kisha zinaenda kufungwa kwenye mwamba, kila uzi na pete yake.

Litungu ya Wabukusu imejengwa kwa mtindo huohuo, kwa kawaida ikiwa na nyuzi saba. Obokano ya Abagusii ina nane, lakini ni kubwa na sauti yake ni nzito mno. Karibu yote ninayosema kuhusu nyatiti yanazihusu hizo nyingine. Orutu ya Wajaluo na siiriri ya Waluhya ni za ukoo mwingine: uzi mmoja, na zinapigwa kwa upinde. Nimeziwekea swali lake chini.

Nimenunua nyatiti kwenye kibanda cha mapambo. Inaweza kupigwa, ama ni ya kutundika ukutani?

Igeuze kwanza. Gonga ngozi kwa kidole katikati, halafu karibu na ukingo. Ikiwa inajibu kwa mlio ulio wazi, ina maisha. Ikitoa "pu" kama katoni, ngozi ililazwa bila kuvutwa na hakuna uzi utakaoiokoa. Itabidi ivuliwe na kuwambwa upya.

Kisha shika mikono yote miwili pale inapoingia kwenye bakuli na uitikise. Isicheze hata kidogo. Vyombo vingi vya mapambo vina mikono iliyogandishwa kwa gundi juujuu, na siku utakapokaza nyuzi nane kweli, unaing'oa mwenyewe. Angalia pia kama ngozi imepakwa vanishi. Vanishi inapendeza machoni, lakini inaifanya ngozi iwe ngumu na kunyamaza. Rangi kwenye mti haina neno.

Mwisho angalia ndani ya bakuli kupitia tundu la sauti, kama lipo. Ukuta wa bakuli ukiwa mnene kama ubao wa meza, chombo kitakuwa kizito na sauti itabaki ndani.

Kwa nini nikimaliza kulinganisha uzi wa nane (yaani kuuweka kwenye sauti yake), wa kwanza unakuwa umeshuka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na anayeliuliza huwa anafikiri chombo chake ni kibovu. Si kibovu.

Uzi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.8 na urefu wa sentimita 60, ukiwekwa kwenye sauti ya mitikisiko 200 kwa sekunde (hapo ni karibu na sauti ya mwanamume anayeimba bila kujikaza), unavuta kwa nguvu ya kilo 3 na zaidi kidogo. Zidisha kwa nane. Chombo kimebeba zaidi ya kilo 20, na mzigo huo wote unaisukuma ngozi chini kupitia daraja na kuuvuta mwamba uje mbele. Kila unapokaza uzi mpya, ngozi inabonyea kidogo zaidi, mwamba unapinda kidogo zaidi, na nyuzi ulizokwisha kuzilinganisha zinapata nafasi ya kulegea. Kwa hiyo zinashuka.

Dawa yake ni kuzunguka zaidi ya mara moja. Mzunguko wa kwanza weka kila uzi karibu tu na mahali pake, usihangaike na usahihi. Mzunguko wa pili sogeza karibu zaidi. Acha chombo kikae kwa muda wa kunywa chai. Mzunguko wa tatu ndio wa kusikiliza kwa makini. Tena usianze pembeni ukaenda kwa foleni mpaka upande wa pili. Kaza mmoja wa kushoto, kisha mmoja wa kulia, ukirukaruka, ili mwamba usivutwe upande mmoja.

Na kila mara ifikie sauti ukitokea chini. Uzi ukipita juu ya noti, usiurudishe tu polepole ukaacha hapo. Ulegeze mpaka ushuke chini kabisa ya noti, uvute kwa kidole katikati ili uketi vizuri kwenye daraja na kwenye pete, halafu upandishe tena. Uzi ulioshushwa kuifikia noti huwa na ulegevu uliojificha kwenye pete, na ulegevu huo utatoka katikati ya wimbo.

Nyuzi nane ziwe noti gani?

Hapa wengi wanataka niandike herufi nane ili wakanakili. Sitafanya hivyo, kwa sababu nyatiti hailinganishwi na piano, inalinganishwa na koo la mwenye kuimba. Jathum, yaani mpigaji wa nyatiti, mwenye sauti nzito ataweka chombo chake chini, mwingine juu, na wote wawili watakuwa sawa. Tena kila mwalimu ana mpangilio wake alioupokea kwa aliyemfundisha. Ukijifunza kwa mzee wa Alego, kule Siaya, kisha ukalinganisha kwa herufi ulizopata kwingine, vidole vyako vitakuwa vinatafuta noti isiyokuwepo.

Ninachoweza kukupa ni njia. Nyimbo nyingi zinatembea kwenye ngazi ya noti tano. Nyuzi ni nane, kwa hiyo lazima noti fulani zijirudie, ama sauti ileile, ama oktava juu au chini (noti ileile, ila nyembamba au nzito zaidi). Muulize mwalimu wako nyuzi zipi ni mapacha. Linganisha mapacha hao kwanza, kwa sababu sikio lolote, hata la mtoto, linasikia noti mbili zinazofanana zikikosana: zinatoa mawimbi, "wau-wau-wau", na mawimbi yakipungua mpaka yakaisha umefika. Ukishapata mapacha una nguzo. Zilizobaki unazijaza katikati kwa kuimba mstari wa wimbo unaoujua na kusikiliza uzi gani unakusaliti.

Anza na uzi ule unaoimba mwanzo wa wimbo wako kwa sauti unayoweza kuishika usiku kucha. Zamani wapigaji waliitwa kwenye matanga na sherehe, wakapiga saa nyingi mfululizo. Ukilinganisha juu mno kwa sababu umeamka na nguvu asubuhi, jioni utalia.

Programu ya simu ya kulinganisha gita inafaa?

Inafaa kama kumbukumbu. Chombo chako kikiwa kimekaa vizuri na mwalimu ameridhika, piga uzi mmoja mmoja mbele ya simu na uandike kile kinachoonekana, pamoja na ile alama ya kuonyesha umezidi au umepungua kiasi gani. Karatasi hiyo itakusaidia siku uzi ukikatika ukiwa mbali na mwalimu.

Haifai kama hakimu. Simu itakuambia umepungua theluthi ya nusu-hatua (nusu-hatua ni umbali wa kibonye kimoja cha kinanda hadi kinachofuata), nawe utakaza ili ifurahi, kumbe noti hiyo ilikuwa mahali pake kabisa kwa masikio ya Siaya. Halafu nyatiti ina mvumo mwingi, simu inachanganyikiwa na kurukaruka. Ukitaka isome vizuri, ziba nyuzi nyingine kwa kiganja na upige taratibu.

Pete zinateleza. Nikikaza zinarudi zenyewe. Nifanyeje?

Nyatiti ya asili haina vigingi vya kukazia nyuzi kama vya gita. Uzi unafungwa kwenye mwamba juu ya pete ya kitambaa iliyozungushwa, na unakaza kwa kuizungusha pete yenyewe kwa vidole. Ni msuguano mtupu unaoshikilia, na msuguano una adui wawili: kitambaa cha nailoni na mafuta ya mikono.

Tafuta pamba. Leso iliyochakaa ndiyo bora kuliko yote, maana imefuliwa mpaka ikalainika na inauma mti. Ichane, usiikate kwa makasi. Ukingo uliochanika una nyuzinyuzi zinazoshika. Upana wa vidole viwili unatosha. Futa mwamba kwa kitambaa kikavu, na kama unang'aa kwa kuzeeka, upitishe msasa laini kidogo tu, kuondoa ule utelezi.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Zungusha kitambaa kwenye mwamba mara tatu au nne, ukivuta kwa nguvu, kila mzunguko ukilala juu ya mwenzake. Mzunguko wa mwisho ukikaribia kuisha, weka ncha ya uzi chini yake, ukunje uzi urudi juu yake, kisha uzungushe uzi huo juu ya kitambaa mara kadhaa kuelekea upande uleule ulikozungusha kitambaa. Uzi ukivutwa na daraja kule chini, unapaswa kuibana pete. Ukiuzungusha kinyume, mvuto uleule unaifungua. Pete nyingi zinazoletwa kwangu kwa matengenezo zimezungushwa kinyume; hazina tatizo lingine lolote.

Zikiendelea kuteleza, paka chaki ya ubaoni kwenye mwamba, chini ya kitambaa. Walimu wanazo, ni bure. Usipake nta pale, ingawa wengine hufanya hivyo. Inashika asubuhi, ikifika saa nane mchana na joto la Kisumu inalainika na kuteleza. Supaglu pia hapana. Pete iliyogandishwa si pete tena.

Nitumie uzi gani, na unene gani?

Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi karibu kila mtu anatumia nailoni ya kuvulia samaki, na sisi wa kando ya ziwa tuna bahati: ukienda ufukwe wa Dunga au maduka ya vifaa vya uvuvi mjini, unapata unene wowote. Kipimo cha milimita kimeandikwa kwenye gurudumu. Chukua uzi mmoja mtupu, usichukue ule uliosukwa. Uliosukwa una nguvu ya kuvuta sangara lakini hauna sauti.

Kwa nyatiti ya ukubwa wa kawaida, milimita 0.6 kwa nyuzi za juu, 0.8 kwa za kati na 1.0 kwa za chini ni mwanzo mzuri. Sababu yake ni hii: nyuzi mbili za urefu mmoja, zikikazwa kwa nguvu moja, ule wenye unene maradufu unaimba oktava nzima chini. Kutoka 0.6 hadi 1.0 unapata tofauti ya karibu nusu-hatua tisa bila kubadilisha nguvu ya kukaza. Ukitumia unene mmoja kwa nyuzi zote, za chini zitakuwa zimelegea kama kamba ya kuanika nguo na za juu zitakuwa zimekaza mno na kukilemea chombo. Kumbuka pia kwamba kupandisha uzi oktava moja kunataka nguvu mara nne. Kwa hiyo uzi mnene ukiupandisha juu unakibebesha chombo mzigo mkubwa bure. Weka mwembamba zaidi.

Uzi mpya wa nailoni unarefuka. Siku mbili tatu za kwanza utakuwa unashuka kila baada ya dakika chache, na hiyo ni kawaida. Ukiwa na mashindano Ijumaa, usibadilishe nyuzi Alhamisi.

Kama uzi unakatika palepale kwenye daraja, si unene. Daraja lina ukingo mkali. Lisugue.

Mvua zikianza sauti inakufa kabisa. Ngozi imeharibika?

Haijaharibika, imekunywa. Ngozi mbichi inavuta unyevu hewani, inalegea, daraja linazama pamoja nayo, na nyuzi zote zinashuka kwa pamoja. Hiyo ndiyo dalili ya kukusaidia: zikishuka zote kwa kadiri moja, ni ngozi, ukishuka mmoja, ni pete au uzi wenyewe. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, tarajia hali hii. Hapa Kisumu hata mwezi usio wa mvua, wingu la alasiri likitoka ziwani unaweza kuliona kwenye ngozi kabla hujalisikia kwenye bati.

Kosa kubwa ni kukaza nyuzi kufidia. Unakaza, unakaza, unafika kwenye noti, unafurahi. Kesho yake jua linawaka, ngozi inajivuta irudi mahali pake, na sasa mzigo uliouongeza unakutana na ngozi iliyokaza. Ama uzi unakatika, ama mkono unapasuka pale unapoingia kwenye bakuli, na ufa huo hauna dawa nzuri.

Fanya hivi. Legeza nyuzi kidogo. Weka chombo mahali pakavu penye hewa, mgongo wa bakuli ukielekea jua la asubuhi na ngozi ikiwa kivulini. Wapiga ngoma wana desturi ya kuzipasha kwenye moto wa nyasi, na ngoma inavumilia. Nyatiti ina nta kwenye daraja. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na inaanza kulainika mapema zaidi ya hapo. Nimeletewa chombo ambacho daraja lake lilikuwa limetembea mpaka ukingoni kwa sababu mwenyewe alikiotesha moto jikoni. Jiko la makaa lililo umbali wa hatua mbili tatu linatosha. Weka kiganja chako pale ngozi ilipo, na kama kiganja hakivumilii, ngozi nayo haivumilii.

Mwalimu wa Nakuru anauliza: chombo kinachoimba vizuri shuleni kinaharibika tukifika Kisumu kwa mashindano. Kwa nini?

Mwalimu, Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa yake ni kavu na usiku kuna baridi. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, kando ya ziwa, joto na unyevu pamoja. Katikati unapanda kwenye baridi ya Mau kabla ya kuteremka. Ngozi inabadilika njia nzima. Anayetoka Kisumu kwenda Nakuru mwezi wa Januari hupata kinyume chake: ngozi inakaza, sauti inapanda, nyuzi zinakatika.

Kabla ya safari, legeza kila uzi robo ya mzunguko wa pete. Usizilegeze zote kabisa, maana daraja likikosa kushindiliwa litaanguka na kupotea chini ya kiti. Funga chombo kwenye blanketi, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa plastiki inafungia jasho ndani. Usikifunge juu ya matatu. Fikeni siku moja kabla mkiweza, kitoe kwenye blanketi, kiache kizoee, ndipo mlinganishe.

Siku yenyewe, wapigaji wanaofanya vibaya mara nyingi ni wale waliolinganisha saa moja asubuhi kwenye umande na kupanda jukwaani saa sita. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927 na halijawahi kwenda na saa. Linganisha mara ya mwisho ukiwa wa pili au wa tatu kwenye foleni.

Chombo changu kinavuma sana, kama kuna nyuki ndani. Niutoeje huo mvumo?

Usiutoe! Huo ndio utu wa nyatiti. Wanaotoka kwenye gita wanauona kuwa dosari, wanaweka sponji chini ya nyuzi, wanabaki na kitu kisichokuwa gita wala nyatiti.

Kwenye nyatiti nyingi daraja ni vipande vya tete vilivyoshikizwa kwa nta. Uzi unapotikisika, unagusagusa mgongo wa tete, na hapo ndipo mvumo unapozaliwa. Kinachotakiwa ni kuupima. Ukitaka zaidi, shika tete, uipashe nta kwa kidole gumba mpaka ilainike, uilaze kidogo ili uzi upate mahali pa kugusa kwa urefu zaidi. Ukitaka kidogo, isimamishe. Unasogeza unene wa ukucha tu, kisha unapiga na kusikiliza. Fanya uzi kwa uzi mpaka zote nane zivume kwa kadiri moja, kwa sababu mvumo mzuri ukiwa kwenye nyuzi tatu na nyingine tano zimenyamaza unaudhi.

Kuna mvumo mbaya, nao unautambua hivi: unasikika kwenye noti moja tu, au unaendelea baada ya uzi kunyamaza. Huo ni ufa kwenye bakuli, mkono ulioachia, ngozi iliyoinuka ukingoni, au ncha ya uzi uliosahau kuikata inayogusa mwamba. Anza na hiyo ncha ya uzi. Utashangaa.

Daraja linahama. Niligandishe kwa gundi?

Hapana. Daraja lazima liweze kusogezwa. Likisogea kuelekea ukingoni sauti inakuwa kali na nyembamba, likirudi katikati ya ngozi sauti inakuwa ya tumbo. Kila chombo kina mahali pake, na utapatafuta tena kila ukibadilisha ngozi.

Kama linahama lenyewe, nta imechoka au ina vumbi. Ikwangue yote. Chukua nta mpya ya nyuki kutoka kwa wauza asali, iwe safi, usichukue ya mshumaa wa dukani ambayo ni ngumu na inameguka. Ikande mkononi mpaka iwe laini, ibandike, shindilia daraja, kaza nyuzi mbili za pembeni kwanza zilibane. Weka alama ya penseli kwenye ngozi, pande zote za daraja, ili likihama ujue limetoka wapi.

Ngozi imepasuka. Naweza kuiwamba mwenyewe?

Unaweza, kama una subira. Nenda kwa mchinjaji, siyo kiwandani. Ngozi ya viatu imeshapitia dawa na haitakaza. Kwa nyatiti tumia ya ng'ombe isiyo nene, kwa litungu ndogo hata ya mbuzi inatosha. Ondoa nyama na mafuta yote, nyoa manyoya, loweka usiku kucha mpaka ilainike kama kitambaa kilicholowa.

Iwambe ikiwa bado na maji, ukivuta kwa kamba za ngozi kutoka pande zinazotazamana: juu na chini, kushoto na kulia, kisha katikati yake. Usiivute mpaka mwisho wa nguvu zako. Itajivuta yenyewe ikikauka, na ile uliyoivuta kupita kiasi itapasua ukingo wa bakuli. Ianike kivulini. Siku ya kwanza itakuwa ngumu kwa juu na utashawishika kuweka nyuzi. Ngoja. Kwenye hewa kavu subiri siku nne au tano. Kwenye mvua, wiki. Ukiigonga na mlio ukawa uleule asubuhi na jioni, imekauka.

Bakuli lenyewe likiwa na ufa, ongea na mchonga ngoma. Magharibi wengi wanapenda mukumari kwa kuwa ni mwepesi na unachongeka, na anayeujua mti huo atakuzibia ufa kwa kipande cha mti huohuo. Ufa uliojazwa unga wa mbao na gundi utafunguka tena msimu wa kiangazi.

Pete ya chuma ya mguu inakula mti. Ni sawa?

Ni sawa, mkono wa chini wa chombo umewekwa pale upigwe. Mpigaji huvaa pete kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga mti huo kushika mdundo, huku njuga zikilia mguuni. Kinachotakiwa ni kukagua: palipoliwa pakiwa na ufa unaofuata urefu wa mti, zuia kwa kufunga kamba ya ngozi mbichi iliyolowa, ikauke palepale. Pete iwe na ukingo wa mviringo. Na kigoda chako kiwe kifupi; ukikaa kwenye kiti cha plastiki, pembe ya mguu inabadilika na unagonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Niweke vigingi vya gita badala ya pete?

Siyo dhambi. Ukipiga na bendi yenye gita na kinanda, na unatakiwa kubadilisha sauti kati ya nyimbo mbili, vigingi vitakuokoa. Ila ujue unachonunua: vigingi nane vinaongeza uzito juu, chombo kinataka kuanguka mbele, na matundu nane kwenye mwamba ulionyooka yanaudhoofisha. Weka mwamba mpya ulio mnene zaidi na wa mti mgumu, na uutunze ule wa zamani. Kwa anayepiga peke yake na kuimba, mimi ningebaki na pete.

Kipaza sauti nikiweke wapi?

Kile cha kubandika kiweke chini ya ngozi, pembeni ya daraja, siyo chini yake kabisa. Hapo katikati kinabeba tumbo tupu na spika zitaanza kupiga mayowe. Kikibandikwa kwenye mti kitakuletea kishindo cha pete ya mguu, na fundi mitambo asiyeijua nyatiti atafikiri kuna mtu anapigilia misumari. Mwambie mapema apunguze sauti za chini.

Orutu yangu upinde unateleza, hautoi sauti.

Inakosa ulimbo. Utomvu mkavu wa msonobari unafaa, na ule wa fidla unaouzwa kwenye maduka ya muziki ni kitu kilekile. Sugua kwenye nyuzi za upinde mpaka zitoe vumbi jeupe. Kama bado, angalia mikono yako: jasho au mafuta yakigusa mkonge wa upinde mara moja, sehemu hiyo haitashika tena, ibadilishe. Siiriri ni vivyo hivyo.

Kuhusu ngozi, wazee walitumia ya kenge. Kenge ni mnyama wa porini na analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, kwa hiyo usimwindie orutu. Ngozi nyembamba ya mbuzi inafanya kazi, ikiwambwa kwa kukaza zaidi kidogo.

Binti yangu anataka kujifunza. Inaruhusiwa?

Zamani ilikuwa ya wanaume. Leo wasichana wanapiga shuleni na jukwaani, na mmoja wa wapigaji waliojulikana zaidi duniani ni Anyango, mwanamke kutoka Japani aliyekuja kujifunza kwetu. Mtafutie chombo kinacholingana na urefu wa mikono yake, nyuzi nyembamba, uzilinganishe juu kidogo kufuata sauti yake. Vidole vitauma wiki za kwanza.

Nikimaliza kupiga nikihifadhi vipi?

Futa nyuzi na ngozi kwa kitambaa kikavu. Tundika ukutani wa ndani, si ukuta unaopigwa na mvua, na juu vya kutosha, kwa sababu panya wanaipenda ngozi mbichi kuliko unavyoipenda wewe. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe ukingoni, kuna wadudu. Anika juani kwa muda mfupi, piga brashi kwenye mikunjo, na uangalie tena kila wiki. Mafuta ya kupikia, ya kujipaka au ya gari yasiguse katikati ya ngozi. Kama kamba za pembeni zimekauka na kuanza kukatika, paka samli kidogo sana kwa ncha ya kidole, kwenye kamba tu, na uache usiku mmoja kabla hujakaza chochote.